Mchoro Ukiwa Bado wa Penseli

Ushauri kwa kijiji kinachosubiri mgodi

Mzee alisimama katikati ya pori, akaweka mguu juu ya jiwe lililozama nusu ardhini, akamwambia kijana aliyeshika ramani: "Mwanangu, hapa uliposimama ni jikoni kwa mama."

Kijana akaitazama ramani yake. Mahali pale palipakwa rangi ya kijani na kuandikwa maneno mawili: eneo wazi. Akatazama chini. Mawe yalikuwa matatu, yameelekeana, nyuso zake za ndani nyeusi kwa moto wa zamani. Mafiga. Hatua thelathini mbele palikuwa na mstari wa minyaa, uzio wa boma uliosahau kufa, na nyuma yake duara la majani marefu kuliko ya kwingine, mahali lilipokuwa zizi la ng'ombe. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kichuguu. Pembeni yake, alisema, wamelala baba yake na wadogo zake wawili.

Familia ile ilihamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu kwenye vijiji vipya, ikapelekwa kando ya barabara. Nyumba ya udongo ikalainika kwa mvua, ikarudi ardhini. Miti ikaota. Nusu karne baadaye mgodi ukaja, na kila mgeni aliyepita pale aliona pori tu. Mchoro wa mgodi ulikuwa umeshaamua kwamba kifusi kitamwagwa hapo.

Nilikuwepo siku ile, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Nawaandikia wajumbe wa halmashauri za vijiji, wenyeviti wa vitongoji, walimu, vijana wenye simu nzuri, na pia watu wa migodi wanaotaka kufanya kazi yao bila kulaaniwa. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: tathmini ya mambo ya kale ina faida pale tu mchoro wa mgodi unapokuwa bado wa penseli, yaani mstari unaweza kufutwa na kuchorwa upya. Ukishapigwa wino, kinachogunduliwa kinabaki kuwa habari ya msiba.

Mfano uliosikika dunia nzima ni wa Australia Magharibi. Mwaka 2013 kampuni ya Rio Tinto ilipata idhini ya kuharibu mapango mawili ya miamba huko Juukan Gorge, katika nchi ya asili ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, ili ichimbe chuma. Mwaka 2014, idhini ikiwa mkononi, wanaakiolojia waliingia kuokoa kinachookoleka. Wakatoka na vitu vipatavyo 7,000. Miongoni mwake kulikuwa na msuko wa nywele za binadamu wenye umri wa miaka 4,000 hivi, na vinasaba vyake vikaonyesha undugu na wenyeji walio hai leo. Ushahidi ukaonyesha kwamba watu walifika kwenye mapango hayo tangu miaka 46,000 iliyopita. Lakini idhini ilishatolewa, na sheria ya wakati huo haikuwapa wenyeji nafasi ya kuomba iangaliwe upya. Tarehe 24 Mei 2020 baruti zikalipuliwa. Baadaye kampuni ilikiri mbele ya Bunge kwamba kulikuwa na michoro minne ya shimo, mitatu kati yake ikiyakwepa mapango, na wenyeji hawakuwahi kuonyeshwa hiyo mitatu. Mkurugenzi mkuu na maofisa wawili wa ngazi ya juu wakaondoka kazini.

Zitazame tarehe zenyewe: idhini 2013, elimu 2014, mlipuko 2020. Wataalamu walikuwepo, pesa zilikuwepo, na kazi ilifanywa vizuri. Kilichokosewa ni mpangilio. Sasa tuangalie namna ya kijiji kuupanga vizuri.

Jueni mradi unaishia wapi

Tukisikia neno mgodi sisi huona shimo. Shimo ni kipande tu cha mgodi. Kuna barabara ya malori, kambi ya wafanyakazi, nguzo za umeme, bomba la maji, lundo la kifusi, bwawa la tope la mabaki, na machimbo ya kokoto za kujengea hiyo barabara yenyewe. Kuna pia mahali watakapohamishiwa watu, na hapo nako huwa kuna makaburi ya wengine. Mara nyingi mwamba wenye mali upo kilimani ambako hakuna aliyewahi kuishi, ilhali bwawa la tope linawekwa bondeni kwenye maji, mahali ambapo wahenga wa karne zote walipenda kujenga.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili kitu kingine chochote, ombeni ramani inayoonyesha vipande vyote hivyo, na iwe na majina mnayoyajua: kisima cha fulani, korongo la fulani, shule. Ramani yenye namba za kitaalamu peke yake haimsaidii mtu mkutanoni.

Engaruka, wilayani Monduli, ni darasa zuri katika hili. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kuna magofu ya jamii ya wakulima iliyostawi kati ya karne ya 15 na ya 18: vijiji vilivyojengwa kwa mawe, matuta ya mashamba, na mifereji iliyogawa maji ya mito inayoshuka kutoka milimani, katika eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Daktari Mjerumani Gustav Fischer aliyataja mwaka 1883, na Louis Leakey akayachunguza mwaka 1935. Ukipita na gari unaona mawe. Ukishuka ukatembea unaona kwamba mawe yamepangwa, na mpango wenyewe unafuata maji. Bonde hilohilo ndiko Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likiandaa mradi wa magadi soda. Mtu anayetathmini sehemu kama hiyo akizungushia uzio nyumba za mawe peke yake atakuwa amehifadhi maiti, kwa sababu mfereji hauna maana bila mto uliokuwa ukiulisha. Mradi unaweza usiguse jiwe hata moja na bado ukaliua eneo lote kwa kuchukua maji, au kwa kupitisha barabara kati ya shamba na mfereji wake.

Kaeni na wazee, na mjue namna ya kuuliza

Mtafiti akisimama mkutanoni akauliza, "Je, hapa kuna eneo la kiakiolojia?" atajibiwa hapana, na ataandika hapana. Watu hawajadanganya. Swali ndilo halikuwafikia.

Ulizeni hivi: Mlihamia hapa kutoka wapi? Kabla ya Operesheni mlikuwa mkikaa wapi? Kisima cha zamani kilikuwa wapi? Ni wapi mlikatazwa kukata kuni mkiwa watoto? Mvua ikikataa, mlikuwa mnakwenda wapi na nani alitangulia? Ni shamba gani jembe hugonga vigae? Wapi wahunzi walikuwa wakifanyia kazi? Kuna pango ambalo watu walijificha wakati wa vita?

Na wazee wasiwe wale wanaokaa mbele mkutanoni tu. Bibi aliyekuwa mkunga anajua makaburi ya vichanga ambayo wanaume hawayajui. Mchungaji anajua mapango. Mrina asali anajua misitu ambayo wengine huikwepa. Mchimbaji mdogo ameshashusha mashimo kumi na kukuta mambo chini ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Wapo pia waliohama kabisa, wakaenda mjini au wilaya nyingine, na makaburi ya kwao yamebaki hapo. Hao wapigiwe simu.

Msidharau ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wazee wa kijiji cha Katuruka walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyewataka wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, na wakamwonyesha mti mtakatifu uitwao Kaiija uliohusishwa na kazi hiyo. Mtu mwenye haraka angecheka, akafunga daftari. Schmidt akachimba, na akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mnara haukuwepo, lakini wahunzi walikuwepo, tena palepale masimulizi yalipoelekeza.

Tembeeni ardhi

Mkishakusanya majina ya mahali, tokeni. Wakati mzuri ni kiangazi, majani yakiwa yameungua au mashamba yametoka kulimwa. Jipangeni mstari, kila mtu mita kumi hadi ishirini kutoka kwa mwenzake, mtembee polepole macho chini. Palipochimbuliwa tayari ndipo pa kuanzia: kingo za makorongo, mitaro ya barabara, vichuguu, na mashimo ya muhanga, maana mnyama huyo hutupa nje vigae ambavyo mwanadamu angevifuata kwa sururu.

Vigae vya vyungu ndivyo alama ya kawaida kuliko zote. Kimoja kinaweza kuwa chungu kilichomponyoka mtu njiani. Ishirini katika eneo la ukubwa wa chumba ni mji. Mkiona vimenakshiwa mdomoni, vipigeni picha na mviache vilipo.

Alama ya pili, hasa katika nchi za madini, ni mavi ya chuma, na hii nitaieleza kwa karibu kwa sababu watu huikanyaga kila siku. Utaona jiwe jeusi, zito kuliko unavyotarajia ukiliinua, lenye vitundu kama mkate. Upande mmoja umetiririka ukaganda kama nta ya mshumaa. Ukiligeuza, huenda chini yake pakawa na udongo mwekundu ulioungua, au alama ya majani yaliyokuwemo kwenye shimo la tanuri. Tafuta pembeni: vipande vya mirija ya udongo, minene kama kifundo cha mkono, ambayo mivukuto ilipulizia hewa ndani ya moto. Mdomo mmoja wa mrija utakuwa umeyeyuka ukang'aa kama kioo cha chupa. Ukivikuta viwili hivi pamoja, umesimama mahali ambapo watu walijua kuyeyusha chuma kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa. Mara nyingi utakuta vimepigwa nyundo, maana mtu aliyepita kutafuta dhahabu alidhani ni mwamba wenye mali.

Miti nayo husema. Minyaa iliyosimama kwenye mstari ni boma. Pwani, mibuyu na mikwaju iliyokusanyika pamoja mara nyingi huficha magofu au makaburi ya kale. Miembe mikongwe iliyojipanga porini, kwenye njia za misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, haikujipanda yenyewe. Majani ya rangi tofauti kwenye duara yanaweza kuwa zizi. Kwa neno moja, mnatafuta mahame, na Mswahili asingelikuwa na neno hilo kama vijiji visingekuwa vinahama na kuacha alama.

Kwenye majabali tazameni juu na chini. Chini huwa na vishimo vya kusagia nafaka, au safu za vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Juu, chini ya paa la jiwe, panaweza kuwa na michoro ya rangi nyekundu au nyeupe kama ile ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Msiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Maji huiua polepole.

Andikeni, lakini msiandike kila kitu

Chukueni daftari moja la kaunta, lenye kurasa zilizopigwa namba. Kila mahali papewe namba, jina la wenyeji, maelezo mafupi, jina la aliyepaonyesha, tarehe, na vipimo vya mahali kutoka kwenye simu. Pigeni picha mbili: ya karibu, mkiwa mmeweka kalamu au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, na ya mbali inayoonyesha mti au kilima. Msichukue kitu. Msichimbe hata kidogo, kwanza kwa sababu sheria inataka kibali, na pili kwa sababu kigae kilichotolewa ardhini bila kuandikwa kilikaa wapi ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni.

Wapo watakaowasumbua. Ukionekana unapima karibu na jengo la zamani, kesho yake usiku patachimbwa na watu wanaotafuta rupia za Mjerumani. Kwa hiyo daftari likae ofisini kwa mtendaji, nakala kwa mtu mmoja mnayemwamini, na picha zisirushwe kwenye makundi ya simu.

Na kuna mambo ambayo wazee hawataki yaandikwe: mahali pa tambiko, pa jando, pa mizimu. Wana haki hiyo. Njia iliyo rahisi ni kuchora duara pana kuzunguka mahali, hekta kadhaa, na kuandika tu "wazee wamepazuia". Mgodi unatakiwa kujua mpaka. Haulazimiki kujua kilichomo.

Sheria mnazo, na zina mapengo

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, majengo na miundo ya kabla ya 1886, na hata milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Ulinzi huo hauhitaji kibao cha serikali kusimama pale. Tanuri la chuma la miaka mia tano linalindwa hata kama hakuna ofisa aliyewahi kuliona.

Sasa hesabuni. Jikoni kwa mama yake yule mzee paliachwa mwaka 1974. Kwa sheria hiyo hapakuwa na kitu. Hili ndilo pengo ambalo mahame yetu mengi huangukia: ni makongwe kwa wenyewe, machanga kwa sheria. Ndiyo maana lazima mpite na njia nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa kama mgodi kuanza, na tathmini hiyo inagusa pia maisha na utamaduni wa watu. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamzuia mwenye leseni kuingia kwenye ardhi ya maziko au yenye umuhimu wa kidini bila idhini ya maandishi ya waziri husika. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Na kampuni inayokopa kwenye mabenki makubwa ya nje mara nyingi hubanwa na kiwango namba 8 cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, kinachohusu urithi wa utamaduni. Ulizeni nani anakopesha. Wakati mwingine benki husikia haraka kuliko ofisi.

Mtaalamu mwelekezi akija kijijini, mpokeeni vizuri, na mumuulize haya:

Je, hadidu za rejea za kazi yako zimetaja mambo ya kale, au umeongeza sura hiyo mwenyewe? Mwanaakiolojia wenu ni nani, na Idara ya Mambo ya Kale inajua kwamba yupo hapa? Ametembea siku ngapi, na tunaweza kuona ramani ya njia alizopita? Amechimba mashimo ya majaribio, au ameangalia juu ya ardhi peke yake? Ripoti tutaisoma kwa Kiswahili? Na swali kubwa kuliko yote, lile ambalo watu wa Juukan hawakupata nafasi ya kuliuliza: kuna michoro mingapi ya mgodi, na iko wapi ile mingine?

Mkikuta kwenye ripoti sentensi inayosema hakuna eneo la kihistoria lililoonekana, ulizeni kama lilitafutwa. Lilipojengwa bomba la mafuta kutoka Chad hadi pwani ya Kamerun, wanaakiolojia waliofuatana na kazi hiyo kati ya mwaka 1999 na 2004 waliandika zaidi ya maeneo 400 ya kale katika ukanda ambao mwandishi wa ripoti mwenye haraka angeuita pori. Walitafuta, wakaona.

Makaburi yawe na daftari lake

Msiyachanganye makaburi na vigae. Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na kuna uchungu ambao hakuna sheria inayoupima.

Ninyi wenyewe fanyeni orodha mapema, kabla mthamini hajafika. Kila kaburi: nani amelala, ndugu wa karibu ni nani, amezikwa lini kwa makadirio, kuna alama gani. Mjumlishe yasiyo na saruji, ambayo ndiyo mengi. Mjumlishe ya vichanga nyuma ya nyumba, na ya mapacha pale ambapo mila huwazika kwa namna yao. Orodha ikisomwa mbele ya mkutano wa kitongoji na kutiwa saini, inazuia mambo mawili kwa mpigo: kaburi la kweli kusahauliwa, na makaburi hewa kuota usiku wa kuamkia fidia. Hili la pili tusilifumbie macho, maana kaburi moja la uongo likigunduliwa, mia ya kweli hutiliwa shaka.

Kabla ya kukubali kuhamisha, elewaneni nani ataongoza maziko mapya, shekhe, mchungaji au mzee wa ukoo, kitahitajika nini, sanda, mbuzi, pombe ya tambiko, na nani atalipa. Mambo hayo yaandikwe. Yakiachwa kuwa ya hisani, siku ya siku utaambiwa bajeti imekwisha.

Si kila kitu kitaokolewa

Niseme ukweli ambao wapenzi wa mambo ya kale hatupendi kuusema: mkidai kila kigae kibaki kilipo, hamtasikilizwa hata kwa tanuri. Pangeni daraja. Jiulizeni kitu hiki ni cha nadra kiasi gani, kimebaki kizima au kimeshaharibika, bado kinatumika, na kinaweza kuhamishwa kikabaki kilekile? Chungu kinaweza kwenda makumbusho. Kilima cha kuombea mvua hakiendi popote.

Hatua ya kwanza ni kukwepa: barabara ipinde, bwawa lisogee. Pasipowezekana, ni kupunguza madhara kwa kuweka uzio, kupunguza nguvu ya baruti, na kulinda njia ya wenyeji kufika mahali pao. Ya mwisho ni kuokoa, yaani wanaakiolojia wachimbe kwa utaratibu kabla ya mashine, na vitu viandikwe na kuhifadhiwa panapojulikana. Kampuni nyingi huanza na hii ya mwisho kwa kuwa haigusi mchoro. Ninyi anzeni na ya kwanza.

Na kwa wawekezaji wanaosoma: kukwepa kunawalinda ninyi pia. Kilima cha Mrima, Kwale, nchini Kenya, kina niobiamu na madini adimu. Ni pia kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo, hifadhi ya msitu, na mahali palipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba, na mwaka huohuo leseni hiyo ikafutwa. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa mjini Washington. Oktoba 2018 baraza likatupa madai yake: masharti ya kisheria ya kulinda mazingira hayakufuatwa, kwa hiyo leseni haikuwa halali tangu mwanzo. Miaka mitano ya mabishano kwa ajili ya karatasi ambayo mtu mmoja mwenye orodha ya misitu iliyohifadhiwa angeitilia shaka mapema.

Yatakayofukuliwa baadaye

Hata tathmini nzuri haioni mita nne chini. Kwa hiyo makubaliano na mgodi yawe na utaratibu wa vitu vinavyofukuliwa kwa ghafla: mashine isimame, pazungushiwe utepe, msimamizi aarifiwe, mwanaakiolojia aitwe, ofisi ya serikali ijulishwe, na kazi iendelee kwingine.

Utaratibu huu huandikwa vizuri na kufa mgodini, na najua unapofia. Unafia mikononi mwa dereva. Mwenye kijiko analipwa kwa mizigo anayopakia. Akiona fuvu la kichwa saa nne asubuhi, akasimama, anakosa mizigo ya siku nzima. Akifukia, anakula. Dawa yake ni sentensi moja kwenye mkataba: saa za kusimama kwa ajili ya kitu cha kale zihesabiwe kama saa za kazi. Ulizeni kama sentensi hiyo ipo. Waonyesheni madereva vigae, mavi ya chuma na mifupa iliyogeuka jiwe kabla hawajawasha injini. Mwaka 1906, Tendaguru huko Lindi, aliyeupa ulimwengu habari za mifupa ya dinosaria alikuwa mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, aliyekuwa porini akitafuta mali ya kampuni yake. Aliona mfupa mkubwa umetokeza njiani, akasema. Mifupa iliyochimbwa pale baadaye inasimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Kwamba ilivuka bahari ni kesi nyingine.

Ninyi ambao bado hamjaona gari la watafiti, anzeni Jumamosi hii na daftari na wazee watatu. Haigharimu zaidi ya chai.

Yule mzee yeye alichelewa, bila kosa lake. Cheti cha mazingira kilikuwa kimeshatoka tulipokwenda pale, na katika ripoti yote, kurasa zaidi ya mia tatu, kitongoji chao cha zamani hakikutajwa hata kwa jina. Makaburi yalihamishwa. Mengine yote hayakuwa na fungu. Siku tuliyoondoka alimwomba yule kijana wa ramani amsaidie kung'oa figa moja. Wakalichimbua kwa jembe la mkono, wakalifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, naye akaanza kulisukuma polepole kuelekea barabarani. Figa moja haliinjiki chungu, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote.